Amesema Nini?

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jina langu. Afisa ananiinamia, kalamu mkononi, kola ya shati imeanza kumbana kwa jua. Mbele yetu amesimama mama mzee ambaye amezungumza Kinandi dakika sita bila kituo, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha upande wa kwake. Anamaliza, anaketi. Watu wanaguna kwa kukubali. Ndipo afisa ananiuliza: "Mwalimu, amesema nini?"

Hapa katika kata ya Ziwa nimelijibu swali hilo karibu miaka arobaini. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo wala sikupewa barua. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru. Nilikuwa na Kinandi cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha ripoti, basi kila mgeni aliyetaka kukutana na wananchi alielekezwa kwangu. Nilipewa kiti karibu na meza, soda ya kwanza, na nauli hata siku niliyokuja kwa miguu. Nilijiona mtu wa maana. Siku hizi nikikaa peke yangu jioni nayakumbuka maneno yaliyopita mikononi mwangu, na zaidi yale ambayo hayakupita.

Mtu wa kwanza niliyemwona akiifanya kazi hiyo hakuwa na kiti wala soda. Alikuwa baba yangu. Alikuwa amefanya kazi katika shamba la ngano la mzungu, na baada ya uhuru yeye na wenzake walichanga pesa wakanunua hisa, wakagawana ardhi, na majirani wa kila namna wakajikuta kwenye mpaka mmoja. Kwetu Wanandi ujirani una baraza lake, kokwet. Wanaume waliketi chini ya mti, kila mmoja akasema mpaka akaishiwa, na mzee wa kokwet hakuwa na haraka ya kukata shauri. Aliliacha likomae lenyewe. Walizungumza habari za mipaka na ng'ombe walioingia katika mahindi ya mtu. Walizungumza pia habari za watu wazima walioshindwa kujimudu: mjane asiye na wa kumlimia, mzee aliyepofuka, jirani aliyeingiwa na wazimu. Nani atamkamulia? Chakula chake kitatoka nyumba gani, siku gani? Leo mambo hayo yana jina refu na bajeti yake. Wakati ule yalimalizwa kabla ya jua kutua.

Wanawake hawakuketi chini ya mti ule. Walikuwa kando, au nyumbani, na maneno yao yalifika kokwet yakiwa kinywani mwa waume zao. Usiku mama yangu, ambaye alikuwa amekwisha kusikia kila kitu kwa wenzake, alitoa hukumu akikoroga ugali. Siku njema alisema: "Leo baba yenu ameyabeba maneno yangu vizuri." Siku mbaya alisema neno moja tu: "Ameyavunja." Baba hakujibu. Tulicheka, na neno hilo likawa la nyumba yetu; hata mke wangu alipoolewa alilikuta jikoni akalichukua, na amenipiga nalo mara nyingi.

Wala sitaki kuisifu kokwet kupita kiasi. Yule jirani mwenye wazimu alifungwa kamba kwenye nguzo ya ghala, na wanaume chini ya mti wakakubaliana kwamba ni sawa. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Nilikuwa mtoto, nilimpelekea maziwa, na aliniomba nimlegezee kamba ya mkono wa kushoto kwa sababu ndio aliolalia. Sikumwambia mtu.

Agosti 1978 Mzee Kenyatta alifariki, na Desemba mwaka huo, siku ya Jamhuri, Rais Moi akaagiza kwamba kutojua kusoma na kuandika kufutwe Kenya nzima. Mwaka uliofuata idara ya elimu ya watu wazima ikaundwa na walimu wakatafutwa kila mahali. Nilikuwa na miaka 22. Nilipewa chaki, ubao wenye ufa, vitabu, na ratiba iliyopigwa chapa: darasa lingeanza saa nne asubuhi. Wiki tatu nilifundisha viti.

Wiki ya nne alikuja mama mmoja, akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza: "Mwalimu, hiyo saa nne uliyoandika ni ya nani?" Nikasema ni ya serikali. Akasema, "Basi serikali haina ng'ombe." Akanieleza saa za nyumba yake kama mtu anayemweleza mgeni njia: kukamua, kupeleka maziwa barabarani kabla ya gari kupita, maji, shamba, chakula cha mchana, halafu kipande kidogo kati ya saa nane na saa kumi ambacho, alisema, hata mume wake hajui kiko wapi. Nikahamisha darasa hadi saa nane. Wakaja kumi na tisa.

Kisha wakakikataa kitabu changu. Kilianza na irabu, na wao hawakuwa na shida na irabu. Walikuwa na shida na ile karatasi ya maziwa iliyorudi kila mwisho wa mwezi: kilo kadhaa, bei kadhaa, makato haya na yale, na mtoto wa darasa la tano ndiye aliyekuwa akiisoma, naye mtoto hudanganya akitaka peremende. Basi tulianza na tarakimu. Tuliisoma karatasi ya maziwa kama Biblia, mstari kwa mstari. Baada ya miezi miwili mama mmoja alikwenda kwa karani wa chama na karatasi mkononi, akarudi na shilingi zake kumi na saba. Darasa zima lilimpigia makofi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuwauliza watu wanaohudumiwa, ingawa hakuna aliyenifundisha jina la jambo hilo. Na hapo hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Ripoti yangu ya kila mwezi ilikuwa na nafasi mbili: walioandikishwa na waliofaulu. Niliandika namba. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba saa ilipangwa na wanafunzi, wala kwamba kitabu kiliwekwa kando kwa sababu ya karatasi ya maziwa. Isitoshe niliogopa kuandika kwamba nimekiweka kando. Mwaka uliofuata mwalimu mpya wa upande wa pili wa kata alipewa ratiba ile ile ya saa nne. Alifundisha viti kama mimi.

Baraza la chifu la miaka ile halikuwa na shida ya mkalimani. Lilikuwa la lazima, chifu alikuja na sare na fimbo, na sheria ilimpa mamlaka ambayo Bunge lilikuja kuyapunguza mwaka 1997. Maneno yalishuka, hayakupanda. Niliyatafsiri kutoka Kiswahili hadi Kinandi kwa raha, maana amri haina mengi ya kupotea njiani. Mwishoni palikuwa na "Kuna swali?", nalo lilitamkwa kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Sisi tulijibu: "Tumeelewa, chifu."

Januari 2003 Rais Kibaki alitangaza elimu ya msingi bila malipo. Mwaka mmoja baadaye, Januari 12, 2004, mzee wa miaka 84 aitwaye Kimani Ng'ang'a Maruge alijipeleka katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu, akaomba kuingia darasa la kwanza. Wengine walicheka. Darasani kwangu hawakucheka. Mama mmoja alisema, kwa wivu kabisa, kwamba mzee yule amefanya jambo ambalo sisi sote tulikuwa tunangoja kuulizwa kwanza kama tunalitaka. Sera ilisema elimu ni bure. Hakuna aliyefikiria mtu mzima. Yeye aliichukua ilivyo. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe, na hayo ndiyo hasa niliyoyasikia kwangu kuanzia 1979. Mwaka 2005 alipanda ndege hadi New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, akaishia kambini kama maelfu ya wengine, baadaye akahamia Nairobi, katika makao ya wazee. Aliendelea na masomo huko, akafariki Agosti 2009. Darasa langu nalo, baada ya ghasia zile, lilirudi likiwa na viti vitano vitupu. Wenyewe najua walikotoka. Walikokwenda sikuuliza kwa wakati.

Halafu ikaja Katiba ya Agosti 2010, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisoma sheria ikiwataja wazee. Ibara ya 57 inasema waishi kwa heshima, wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali, na washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Ile ya 54 inawataja watu wenye ulemavu. Na kila mahali katika kitabu hicho kuna wananchi kushirikishwa. Mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, sisi wa Ziwa, kata moja kati ya saba za eneobunge la Soy, tulipendwa ghafla. Palikuja mikutano ya bajeti, ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ya afya, ya wazee, ya watu wenye ulemavu, na mashirika nayo hayakutaka kuachwa nyuma. Tenti, viti vya plastiki, maikrofoni inayopiga mluzi. Karatasi ya kuandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Soda na mkate. Watu waliiita mikutano ya maoni, na baadhi yetu tukawa na uzoefu wa kutoa maoni kama vile wengine walivyo na uzoefu wa kuimba kwaya.

Niliipenda mikutano hiyo, sitaficha. Mama zetu waliketi mstari wa mbele, wakasema wenyewe bila kupitia kwa mume. Kijana aliyezoea kuachwa nyumbani kwa sababu ya miguu yake alibebwa mpaka kwenye maikrofoni akaisema shida yake kwa sauti iliyotetemeka, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Ukiniambia kokwet ilikuwa bora, nitakukumbusha kamba ya mkono wa kushoto.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwaka 2014. Ofisi moja, sitaitaja, ilikuja kukusanya maoni juu ya huduma za watu wazima wanaohitaji kusaidiwa nyumbani. Mada nzuri, sijawahi kuisikia tena ikiitwa waziwazi hivyo. Afisa alikuwa kijana mpole, si mtu wa dharau. Alikuwa na mkutano mwingine mchana na dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Alisimama mama mmoja ninayemfahamu vizuri, mjane, aliyekuwa na mwana wa miaka thelathini na kitu. Kijana huyo alipata homa kali akiwa mdogo na tangu hapo hasemi. Mama alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyejiandaa usiku kucha, na nadhani alikuwa amejiandaa. Alisema mwanawe anajua kwenda mtoni na kurudi na maji, lakini mtu akiweka ua katika njia anayoijua husimama hapo hapo na mtungi mpaka jioni. Alisema hali ugali uliogusana na mboga. Alisema hawezi kulala gizani. Tangu mwanawe azaliwe, yeye mama amezima koroboi usiku mmoja tu, na usiku huo aliujutia. Alitaka mtu wa kukaa naye siku anapokwenda kupimwa presha, maana kumfungia ndani kunamuumiza yeye zaidi kuliko kijana. Kisha akauliza, na ndilo lililokuwa swali lake hasa: haya yote yanaandikwa wapi, ili siku nikifa mtu ayajue?

Akaketi. Watu wakaguna. "Mwalimu, amesema nini?"

Nikasema: "Anaomba serikali imsaidie mwanawe mlemavu."

Niliona kalamu ikitembea. Maneno matatu: msaada kwa walemavu. "Asante sana mama," afisa akasema, "tumesikia." Yule mama alitabasamu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliona maneno yake yanaandikwa, akaridhika.

Nimejitafutia visingizio vingi tangu siku hiyo. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa na njaa, mkate ulikuwa umeanza kugawanywa upande wa nyuma. Lakini ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Koroboi na ugali na mboga nilidhani ni mambo ya jikoni, hayafai kuwekwa mbele ya mgeni mwenye gari. Nilitaka aonekane amesema jambo kubwa, basi nikalikuza mpaka halikuwa na kitu ndani.

Kama ingekuwa siku hiyo peke yake ningejisamehe. Nilizoea. Mzee aliyeeleza kwamba anakosa dawa kwa sababu boda boda hawataki kumpandisha, wanaogopa ataanguka, nilimfupisha kuwa "usafiri". Mama aliyesema mkwewe anamficha wageni wakija, "unyanyapaa". Niliyajua maneno wanayoyapenda maofisini, na nilipoyatumia walinitazama kwa shukrani. Ripoti zilipotoka zilifanana na za kila kata, kwa sababu nina hakika kila kata ilikuwa na mwalimu wake.

Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, na hata sasa nikiulizwa ni jambo gani Serikali imelifanya likafika mpaka mlangoni, hilo nalitaja la kwanza. Nimeona mzee akinunua sukari yake mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ila pale kwa wakala mmoja mjini palikuwa na kimashine cha alama za vidole, na vidole vya wanawake wa hapa vimepalilia mahindi miaka hamsini, mistari imelika. Waliweka kidole gumba, wakakipangusa kwenye leso, wakakiweka tena, foleni nyuma yao ikinung'unika. Nyanya mmoja aliniambia akirudi: "Mwalimu, walikuja mara ngapi kutuuliza? Mbona hawakuuliza vidole?" Lakini waliuliza. Kuna mkutano mmoja kabla ya hapo ambapo mwanamke alisema mikono yake imekwisha, hata kitambulisho kilimsumbua kukipata. Nilitafsiri kwamba amechoka.

Yule mama wa koroboi alifariki mwaka 2019. Mazishi yalikuwa makubwa, nilisoma historia ya marehemu. Mwanawe alichukuliwa na ndugu wa baba yake upande wa Trans Nzoia, watu wema wenye shamba zuri, na sote tukasema Mungu amefungua njia. Miezi minne baadaye nilikuwa mkutanoni, nimeketi karibu na meza kama kawaida, mwanamke mmoja akalalamika juu ya bei ya mafuta taa, na koroboi ikaniwakia kichwani. Nilishindwa hata kutafsiri. Nilimwomba kijana mwingine aendelee.

Nilipanda matatu kesho yake. Kitale nilinunua taa ndogo ya sola. Nilimkuta kijana amekonda, macho mekundu. Baba yake mdogo alinieleza, bila ukali, kwamba anapiga kelele usiku kucha, watoto hawalali, wakaona afadhali awe katika ghala lile kando ya nyumba, wanafunga kwa nje asije akapotea. Nikauliza kama kuna taa mle. "Ya nini?" akasema. "Usiku ni wa kulala."

Nililala hapo usiku ule, katika chumba cha wageni. Sikusikia kitu. Asubuhi mzee alikuja na chai, akaketi muda mrefu bila kusema, halafu akauliza: "Mama yake hakumwambia mtu?"

"Alisema," nikamjibu. Sikuendelea, naye hakunisukuma. Nilimweleza juu ya mboga, juu ya njia na ua. Aliita wanawe wote waje kusikiliza, na mmoja akaandika nyuma ya daftari la shule. Ilichukua dakika kumi.

Tangu hapo nimekataa kiti cha karibu na meza. Nasema masikio yamechoka. Mwaka 2024 nilifuata kwenye redio ile kesi ya Sheria ya Fedha: Mahakama ya Rufaa iliitupa sheria hiyo mwezi wa Julai, ikasema Bunge lilipaswa kueleza kwa nini limeyakataa maoni ya wananchi, na Oktoba Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Mawakili walisema vizuri pande zote. Mimi nilikaa na redio nikitamani mmoja wao aulize swali la chini kabisa, kama hayo maoni yalifika mezani yakiwa mazima.

Mke wangu alipata kiharusi mwaka 2022. Upande wa kulia umelala, na mdomo umevutwa kidogo, kwa hiyo maneno yake yanatoka yamekunjamana. Mimi namsikia, wengine hawamsikii. Nimekuwa mlezi, neno ambalo nilikuwa nikilitumia kwa watoto. Mhudumu wa afya wa kijiji huja, mmoja wa wale 100,000 waliopewa mikoba na Rais Septemba 2023, hupima presha na kusalimia vizuri. Mengine ni mimi na yeye. Nimejifunza kusuka nywele, vibaya.

Mwaka huu alikuja binti mwenye simu, kutoka mradi fulani, kuuliza juu ya huduma kwa watu wazima wanaotunzwa nyumbani. Binti mwenye adabu, Mluhya wa mjini, aliniita babu, akamsalimu mke wangu kwa kumshika mkono ule usiosikia, kisha alipogundua akaushika ule mwingine. Nilimpenda. Alikuwa na maswali thelathini na mawili. Umeridhika sana, kiasi, au hapana? Akafika kwenye swali la kile tunachohitaji zaidi, akanisomea: pesa, dawa, vifaa, usafiri, nyingine.

Nikamweleza. Nilichukua muda wangu, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilimwambia nataka mtu wa kuketi na mke wangu siku ya soko, saa nne mpaka saa nane, basi. Awe mwanamke, kwa sababu hatakubali kupelekwa chooni na mwanamume asiye mimi. Awe anayemfahamu, aweze kungoja sentensi yake imalizike bila kumkamilishia, maana hilo ndilo linalomliza. Saa hizo nne ningekwenda kunyolewa na kukaa na wenzangu, nirudi nikiwa na jambo la kumsimulia, kwa sababu habari zetu zimekwisha, tunasimuliana ukuta.

Binti alikuwa akipitisha kidole juu ya kioo, juu na chini. "Hiyo iko wapi sasa, babu?" Akarudi tena. "Wacha niweke kwa Nyingine. Lakini nafasi ni fupi. Niandike aje?"

"Andika changamoto za walezi," nikasema.

Mdomo ulitangulia. Maneno yalitoka laini, yamepigwa pasi, kama yalivyotoka miaka yote ile. Binti alifurahi, yalitosha kwenye kisanduku.

Kitandani mke wangu alikuwa akitusikiliza. Alisema neno moja, polepole, akivuta mdomo, na upande wake mzima wa uso ulikuwa unacheka. Ameyavunja.

Binti aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Babu, nyanya amesema nini?"

"Anasema unywe chai kabla hujaenda," nikamwambia, nikainuka kutafuta kikombe.